Mbuzi na Kamba Yake: Matumizi ya Mbuzi katika Kudhibiti Magugu na Vichaka

Utangulizi

Methali isemayo kuwa mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake imezoeleka masikioni mwetu kiasi kwamba ni nadra mtu kumfikiria mbuzi mwenyewe anapoitaja. Wengi huitumia kuwaasa wenzao watosheke na walicho nacho. Wengine, hususan katika mazungumzo ya siasa na ya ofisini, wameigeuza kuwa kisingizio cha ulaji rushwa: kila mtu na ale pale alipofungwa. Hata hivyo, kabla ya methali hii kuwa sitiari, ilikuwa maelezo ya kazi ya ufugaji. Mfugaji aliyemfunga mbuzi wake kwa kamba alikuwa amekwisha kuamua mambo matatu: mbuzi atakula wapi, atakula nini, na atakula kwa muda gani.

Makala haya yanarejea kwenye maana hiyo ya awali. Yanadhamiria kuchunguza jinsi mbuzi anavyoweza kutumiwa kudhibiti magugu na vichaka, na kubainisha masharti ambayo sharti yatimizwe ili kazi hiyo ifaulu. Hoja yetu kuu ni kwamba mbuzi ni chombo madhubuti cha kudhibiti mimea isiyotakikana, lakini uwezo huo hutegemea aliyeshika kamba. Kamba ikiwa imara na yenye kipimo, gugu hudhoofika. Kamba ikilegea au ikikatika, mbuzi yuyo huyo huweza kulieneza gugu au kuiangamiza mimea tuliyotaka kuihifadhi. Wananchi wa Baringo wameyaonja machungu ya hali hiyo kupitia mmea wa mathenge, na kwa sababu hiyo suala hili haliwezi kuachiwa wataalamu wa mifugo pekee.

Ni vyema tuanze kwa kutofautisha istilahi. Kwekwe ni mimea inayoota shambani bila kupandwa na kushindana na mazao. Gugu lina maana pana zaidi: ni mmea wowote usiotakikana mahali ulipoota, pawe shambani, malishoni au kando ya barabara. Kichaka nacho ni mkusanyiko wa mimea migumu na miti mifupi iliyosongamana. Utofautishaji huu una manufaa ya kiutendaji. Mbuzi hafai kwa palizi ya kwekwe katika shamba la mahindi, kwani hatatofautisha hindi na kwekwe. Mahali pake ni malishoni, kwenye miteremko, katika mashamba yaliyotelekezwa na pembezoni mwa misitu, ambako gugu na kichaka vimekuwa vingi kupita kiasi.

Maumbile ya Mbuzi na Mlo Wake

Mbuzi ni miongoni mwa wanyama waliofugwa na binadamu mapema zaidi. Mabaki ya mifupa yaliyochimbuliwa katika milima ya Zagros, nchini Iran, yanaonyesha kuwa alikuwa akifugwa huko miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Tangu hapo amesambaa katika nchi kame na nchi zenye mvua, akiishi mahali ambapo ng'ombe hangemudu. Siri ya uvumilivu huo imo katika namna anavyokula.

Ng'ombe huzungusha ulimi kwenye nyasi ndefu akazikata kwa mafungu. Kondoo huinamisha kichwa na kula nyasi fupi pamoja na mimea midogo midogo. Mbuzi hupendelea majani ya vichaka na miti, ingawa nyasi pia huzila. Mdomo wake wa juu ni mwepesi na wenye wepesi wa kugeuka, nao humwezesha kuchuma jani moja moja kati ya miiba. Aidha, husimama kwa miguu ya nyuma, akaegemeza ile ya mbele kwenye matawi, na hivyo kufikia majani yaliyo kimo cha mita moja na nusu au zaidi kidogo. Majani ya vichaka vingi huwa na tanini, kemikali chungu inayozuia mnyama kunufaika na protini iliyomo. Mbuzi humudu tanini kuliko ng'ombe na kondoo, ndiyo maana kichaka kinachoachwa na ng'ombe huwa karamu kwake.

Kuna sifa mbili zaidi ambazo sharti tuzitilie maanani. Kwanza, mbuzi hupenda kuchanganya. Akiwa huru hula hapa kidogo na pale kidogo, akipita kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Tabia hii humlinda dhidi ya sumu, lakini huwa kikwazo kwa anayetaka gugu moja liliwe hadi liishe. Pili, kama wanyama wengine wacheuao wa jamii yake, mbuzi hana meno ya mbele katika utaya wa juu. Mahali pake pana ufizi mgumu. Meno ya mbele aliyo nayo ni manane tu, yote katika utaya wa chini. Mbuzi aliyepoteza meno hayo hawezi kukata malisho, na mwisho wake ni njaa. Tutalirejelea jambo hili tutakapofika Baringo.

Jinsi Mbuzi Anavyolidhoofisha Gugu

Watu wengi hudhani kwamba mbuzi huliua gugu kwa kulila mara moja. Dhana hii si sahihi. Ili tuelewe kinachotendeka, inafaa tuukumbuke mchakato wa usanidinuru. Majani ndiyo jiko la mmea: humo mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni hugeuzwa kuwa chakula. Sehemu ya chakula hicho huhifadhiwa mizizini kama akiba ya wanga. Mmea unapokatwa au kuliwa, hutumia akiba hiyo kutoa machipukizi mapya. Machipukizi hayo yakipata nafasi ya kukua, hurudisha mizizini kile kilichokopwa, na mmea husimama tena kana kwamba haukuguswa.

Ni hapa ambapo panga na jembe hushindwa. Mwenye shamba hufyeka kichaka kwa gharama kubwa, akarudi msimu ujao na kukuta mashina yamechipuka maradufu. Mbuzi akiletwa wakati machipukizi ni machanga, huyala kabla hayajalipa deni la mizizi. Mmea hulazimika kuchota akiba tena. Akirudishwa mara ya tatu na ya nne, ghala la mizizini huanza kukauka, machipukizi huwa hafifu, na hatimaye baadhi ya mashina hufa. Kwa vichaka sugu kazi hii huchukua misimu kadhaa, wakati mwingine miaka kadhaa. Anayetafuta matokeo ya wiki moja atavunjika moyo.

Kwa magugu yaishiyo msimu mmoja, mantiki ni tofauti kidogo. Mimea hiyo haina akiba kubwa mizizini; tegemeo lake ni mbegu. Kwa hivyo, mbuzi huhitajika kabla ya maua kukomaa. Gugu lililoliwa kabla ya kutoa mbegu halitakuwa na warithi wengi msimu ufuatao. Gugu lililoliwa likiwa tayari na mbegu laweza kuwa limempata mchukuzi. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga.

Zaidi ya kula, mbuzi hukanyaga majani makavu yakagusana na udongo na kuoza upesi, na samadi yake hurudisha rutuba. Mwanga wa jua nao hufika chini baada ya kichaka kuwa chepesi, na nyasi zilizokuwa zimefunikwa huanza kuota. Hii ndiyo sababu mfugaji mwenye busara huwachunga ng'ombe na mbuzi katika eneo moja: mbuzi hupunguza kichaka, nyasi zikastawi, ng'ombe akapata chakula.

Ushahidi kutoka Mahali Mbalimbali

Elimu hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1942, Staples na watafiti wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyiwa Mpwapwa, nchini Tanganyika wakati huo. Walilinganisha athari za mbuzi na za ng'ombe katika malisho yaliyochanganya nyasi na vichaka, na mbuzi wakadhihirika kuwa na uwezo wa kuvizuia vichaka. Inafaa ikumbukwe kuwa katika enzi hiyo ya ukoloni mbuzi alilaumiwa mno kwa mmomonyoko wa udongo. Uchunguzi wa Mpwapwa ulionyesha upande wake wa pili.

Katika eneo la Rasi Mashariki, Afrika Kusini, mtaalamu wa malisho Winston Trollope wa Chuo Kikuu cha Fort Hare alichunguza namna ya kukabiliana na migunga iliyovamia nyasi. Tatizo lilikuwa kimo: kichaka kikishapita mdomo wa mbuzi, majani ya juu huendelea kuulisha mzizi. Suluhisho lilikuwa kuanza na moto uliopangwa, ambao uliyaunguza matawi ya juu na kuulazimisha mmea uchipuke kutoka chini. Kisha mbuzi waliletwa kuyala machipukizi yaliyokuwa sasa katika kimo chao. Moto peke yake haungetosha, kwa kuwa migunga huchipuka tena. Mbuzi peke yao nao hawangetosha, kwa kuwa hawafiki juu. Funzo ni kwamba mbuzi hufanya kazi vizuri zaidi akiwa mshirika wa mbinu nyingine, liwe panga, moto au jembe.

Katika nchi zinazosumbuliwa na moto wa nyika, mbuzi hutumiwa kupunguza mimea inayoweza kuwaka. Kule Andalusia, kusini mwa Uhispania, mpango ulioanzishwa mwaka 2005 huwalipa wachungaji ili mifugo yao ilishe katika kanda zilizotengwa kuzuia moto usivuke. Ureno nayo iligeukia makundi ya mbuzi baada ya mioto ya mwaka 2017, iliyoua zaidi ya watu 100. Nchini Marekani, kampuni ya Google ilikodi mbuzi wapatao 200 mwaka 2009 ili kusafisha uwanja wake wa Mountain View, California. Mwaka 2013 uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, ulileta kundi la mbuzi na wanyama wengine kula vichaka katika sehemu ambazo mashine haziwezi kufika kwa urahisi.

Jambo la kuzingatiwa katika mifano hii ni hadhi ya mchungaji. Kule Andalusia uchungaji unatambuliwa kama utumishi kwa umma, nao hukadiriwa na kulipiwa kulingana na kazi iliyofanyika. Kwetu, kijana anayechunga mbuzi huonekana kama mtu aliyekosa shule. Ujuzi wake wa kujua mmea upi huliwa, lini na na mnyama gani, haujapewa jina la taaluma, wala istilahi zake hazijakusanywa ipasavyo katika kamusi zetu.

Mathenge: Mbuzi Anapogeuka Kuwa Mpanzi

Tukitoka kwenye mafanikio hayo, sasa tuuangalie mfano unaotuhusu moja kwa moja. Mathenge ni mti wenye miiba wenye asili ya Amerika. Nchini Kenya, ulipandwa mwaka 1973 katika machimbo ya mawe ya Bamburi, karibu na Mombasa, kwa nia ya kufufua ardhi iliyoharibiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipelekwa Baringo kupitia mradi wa upandaji miti uliokusudiwa kuwapa wenyeji kuni na lishe ya mifugo na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia ilikuwa njema. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwenyeji hakupona. Mathenge ulienea kandokando ya Ziwa Baringo ukatwaa malisho, ukaziba njia za mifugo na kuwadunga watu na wanyama kwa miiba yake. Leo unapatikana pia Turkana, Garissa na Tana River. Kwa mwanafunzi wa lugha kuna sadfa moja hapa: katika Kigikuyu, neno thenge lina maana ya beberu, yaani mbuzi dume. Katika Kiswahili neno beberu limepanuka maana likamrejelea pia mtawala wa kigeni anayeinyonya nchi ya wenyewe. Hatudai kwamba jina la mti huu lilitokana na maana hizo, lakini mkazi wa Marigat aliyepoteza malisho yake hatashangaa akiambiwa kuwa mathenge ni beberu.

Swali linalozuka ni hili: ikiwa mbuzi hula vichaka, kwa nini hakuumaliza mathenge? Jibu limo katika sehemu anayoila. Majani mabivu ya mathenge hayavutii mifugo, kwa hivyo mbuzi huyaacha. Maganda yake, yaani matunda marefu yanayoanguka chini, ni matamu kwa wingi wa sukari, nayo mbuzi huyatafuta kwa bidii. Ndani ya ganda mna mbegu ngumu. Baadhi yake husagwa na meno, lakini nyingine hupita tumboni zikiwa nzima na kuangukia mbali zikiwa zimezungukwa na samadi. Mbuzi, ng'ombe, wanyama pori na maji ya mafuriko wote wameshiriki katika upanzi huo. Kwa maneno mengine, mbuzi huliacha jiko la mmea huo na kubeba watoto wake. Hakuna mpangilio unaoweza kulifaa gugu kuliko huo.

Madhara hayakuishia kwenye malisho. Wafugaji walilalamika kuwa maganda hayo matamu yaliyaharibu meno ya mbuzi wao hadi yakang'oka. Mwaka 2006, wakazi wa jamii ya Ilchamus walifika katika Mahakama Kuu jijini Nairobi kuishtaki serikali, na miongoni mwa vielelezo vyao alikuwamo mbuzi asiyekuwa na meno. Kuna waliocheka habari hiyo ilipotangazwa. Msomaji aliyefuata maelezo yetu kuhusu meno manane ya utaya wa chini atatambua kuwa halikuwa jambo la kuchekesha. Mbuzi asiye na meno hayo hana kisu cha kukatia majani, na mfugaji asiye na mbuzi hana maziwa, hana karo ya watoto na hana akiba ya siku ya ukame. Mbuzi yule alikuwa ushahidi kamili.

Je, hali hii ina dawa? Njia mojawapo ambayo imehimizwa ni kuyakusanya maganda na kuyasaga. Yakisagwa ipasavyo, mbegu huharibiwa zisiweze kuota, na unga wake huwa lishe yenye protini inayochanganywa na vyakula vingine vya mifugo. Miti yenyewe hukatwa kwa ajili ya makaa na nguzo, na mashina hung'olewa ili yasichipuke. Tutazame kilichobadilika hapo: mbuzi bado anakula mathenge, lakini sasa binadamu ameingia kati ya ganda na mdomo. Kamba imerudi mkononi.

Kamba Inapokatika: Funzo la Visiwa

Kuna upande wa pili wa uhuru wa mbuzi, nao unaonekana vizuri visiwani. Katika visiwa vya Galápagos, nchini Ekuado, mabaharia na wavuvi waliwaachilia mbuzi ili wawe akiba ya nyama. Katika kisiwa cha Pinta waliachiliwa wachache mnamo mwaka 1959; katika muda wa miaka michache wakawa maelfu kwa maelfu, wakaila mimea ambayo kobe wakubwa waliitegemea. Katika visiwa vikubwa zaidi vya Santiago na Isabela, mradi ulioendeshwa kati ya mwaka 1997 na 2006 uliwaondoa mbuzi zaidi ya laki moja. Wahifadhi walitumia hata ujuzi wa tabia ya mbuzi dhidi yake: walimvisha mmoja kifaa cha redio shingoni na kumwachilia, naye kwa kuwa hapendi upweke akawaongoza hadi walikojificha wenzake.

Kisa hiki kina sehemu ya pili isiyosimuliwa sana. Baada ya mbuzi kuondolewa Santiago, mimea mingi ya asili ilirejea, lakini aina ya forosadi pori yenye miiba iliyoletwa kutoka nje ilienea kwa kasi. Mbuzi walewale walioharibu kisiwa ndio waliokuwa wakilizuia gugu hilo. Kwa hivyo, kumwita mbuzi adui wa mazingira ni kosa, na kumwita mwokozi wa mazingira ni kosa pia. Mbuzi hana ajenda. Ana njaa, na njaa hiyo hufuata mpaka iliowekewa.

Kanuni za Matumizi

Kutokana na mjadala huu, tunaweza kupendekeza kanuni tano kwa yeyote anayekusudia kutumia mbuzi kwa kazi hii, awe mwenye shamba, kikundi cha vijana au mamlaka ya kaunti.

Kwanza, mjue mmea. Maswali ya kuuliza ni mawili: mbuzi hula sehemu ipi, na je, sehemu hiyo ina madhara? Lantana, ambayo imetapakaa katika sehemu nyingi za Kenya, ina sumu inayodhuru ini na kuifanya ngozi ya mnyama iungue kwa jua. Gugu karoti huharibu ladha ya maziwa na nyama. Dungusi kakati, iliyoenea Laikipia, hujeruhi midomo na matumbo ya mifugo kwa miiba yake, na mbegu zake husambazwa na wanyama walao matunda hayo. Hata mimea ya kawaida ina hatari zake: majani ya parachichi huwadhuru mbuzi, na majani mabichi ya muhogo huweza kuwaua wenye njaa wakiyala kwa wingi. Kundi lisipelekwe mahali bila mtu kuutembelea uwanja huo kwanza na kuzitambua hatari hizi.

Pili, pima idadi na eneo. Mbuzi mwenye uzani wa kilo 30 huhitaji takriban kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Majani mabichi huwa na maji mengi. Tukichukulia kuwa maji ni asilimia 70, mbuzi huyo atakula kilo tatu hivi za majani mabichi. Mbuzi 30 watakula kilo 90 kwa siku. Tuseme kipande cha shamba kina kilo 450 za majani yaliyo katika kimo cha mbuzi: kundi hilo litakimaliza kwa siku tano. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, lakini inaonyesha kwa nini kundi kubwa katika kipande kidogo kwa muda mfupi hufaa kuliko kundi dogo linalozurura. Likiwa limezingirwa kwa ua au kwa wachungaji makini, kundi hilo halipati nafasi ya kuchagua sana, nalo hula hata gugu ambalo lingeachwa.

Tatu, chagua wakati. Kwa magugu ya msimu mmoja, walete kabla ya maua kukomaa. Kwa vichaka, walete machipukizi yanapokuwa machanga na uwarudishe kila yanapochipuka. Waondoe kabla hawajaanza kubambua magome ya miti unayotaka kuihifadhi au kuzing'oa nyasi zinazochipuka. Siku ya kuondoka ina umuhimu sawa na siku ya kufika.

Nne, linda njia. Mbuzi waliotoka mahali penye mbegu za magugu wawekwe zizini na kulishwa chakula safi kwa siku tatu hadi saba kabla ya kupelekwa eneo jipya, ili mbegu zilizomo tumboni zitoke. Samadi ya siku hizo isitupwe malishoni. Tahadhari hii ina faida ya kiafya pia, kwani kuhamisha mifugo ni kuhamisha maradhi. Sotoka ya mbuzi na kondoo iliyoripotiwa Turkana mwaka 2006 iliwaangamiza mbuzi wengi na kuwatia wafugaji hasarani. Chanjo na ushauri wa afisa wa mifugo visipuuzwe.

Tano, chagua mbuzi wa kazi. Mbuzi wenye mimba na wanaonyonyesha huhitaji chakula bora kuliko kinachopatikana katika kichaka kigumu. Ndafu, yaani madume yaliyohasiwa, hufaa zaidi kwa kuwa mahitaji yao ni madogo na hawana vurugu za kupigania majike. Yakimaliza kazi yakiwa yamenona, soko lake linajulikana.

Hitimisho

Katika makala haya tumeonyesha kwamba mbuzi ana maumbile yanayomwezesha kula kile ambacho wanyama wengine hukiacha, na kwamba kula huko huweza kulidhoofisha gugu endapo kutarudiwa kwa wakati ufaao. Tumeona pia kupitia mathenge kuwa mbuzi huyo huyo huweza kuwa mpanzi wa gugu, na kupitia visiwa vya Galápagos kwamba akiachiliwa bila mipaka huangamiza pasipo kubagua. Kinachotofautisha hali hizi ni uamuzi wa binadamu kuhusu mmea, idadi, wakati na mpaka.

Tunapendekeza kuwa serikali za kaunti zinazokabiliwa na magugu vamizi zisiwatazame wafugaji kama sehemu ya tatizo pekee. Hao ndio wenye makundi, ndio wenye ujuzi, na ndio waliotangulia kuona kwamba mathenge ni hatari. Laiti sauti yao ingesikilizwa mapema, pengine hapangekuwa na haja ya mbuzi kupelekwa mahakamani. Kwa upande wetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, tuna wajibu wa kukusanya na kusanifisha istilahi za malisho na magugu kutoka katika lugha za wafugaji, ili maarifa haya yaweze kufundishwa na kuandikwa kwa lugha inayoeleweka na wengi.

Methali yetu, basi, irejeshwe mahali pake. Haikumruhusu mbuzi ale apendavyo. Ilimkumbusha mwenye mbuzi kwamba urefu wa kamba ameupima yeye, na kwamba kitakachosalia malishoni baada ya mbuzi kushiba ni kazi ya mkono wake.